Kulegea kwa Hariri

Mkono wa Yeslam Bajaber ulijulikana Changamwe nzima. Hakuwa na haja ya kusoma chapa iliyopigwa pembeni mwa jora. Alikamata ncha ya kitambaa, akaifinya kiganjani, akaiachilia, kisha akatoa hukumu. Kilichobaki na mikunjo alikiita kibishi, na kilichoteleza kikalala alikisifu kutwa. "Nguo nzuri haibishani na mkono," aliwaambia wateja, nao wateja, waliokuwa wakitaka tu doria ya kanzu au leso ya arusi, waliitikia kwa kichwa ili wapimiwe upesi waende zao. Kwa mkono huo alijenga duka, na kwa mkono huohuo, Mungu amsamehe, alidhani anaiendesha nyumba yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya duka, fleti ya vyumba vitatu na roshani iliyoelekea njia ya uwanja wa ndege. Humo aliishi na mkewe Zubeida na binti yao Suad, mtoto wa pekee. Ilikuwa miaka ile ambayo Wazungu walikuwa wakifunga masanduku, na wanaume waliokalia benchi la duka wakibishana kama mwambao utabaki kwa Sultani au utatiwa Kenya. Mmoja wa waliofunga masanduku alikuwa mke wa ofisa wa uwanja wa ndege, mteja wa siku nyingi. Asubuhi moja aliingia dukani na kikapu chenye kifuniko, akakiweka juu ya meza ya kupimia, akafunua.

Ndani mlikuwa na paka. Lakini paka gani! Mkubwa kama mwana mbuzi, manyoya marefu ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, uso na masikio na mkia rangi ya kahawa, na macho ya buluu yaliyomtazama Yeslam bila shaka yoyote, kama vile wamekwisha kujuana.

"Hii paka hapana toka nje," alisema memsahib kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hii hapana jua ogopa. Chana yeye kila siku, kila pahali. Yeye nataka mtu. Mtu kwenda, yeye nafuata." Akavuta kamasi, akamwinua yule paka na kumpa.

Paka alimwagika. Hakuna neno jingine. Kichwa kilianguka upande huu, miguu ikaning'inia upande ule, uti wa mgongo ukawa kama haukupata kuwapo. Yeslam alimpokea kama anavyopokewa mtoto aliyelala, akayafinya manyoya kidogo kwa vidole, akayaachilia, yakalala. Moyo wake ulitekwa palepale. Akamwita Hariri.

Zubeida hakutekwa. "Kefle! Paka gani huyu hana hata sauti?" Paka aliowajua yeye ni mashume wa uchochoroni, wanaojua bei ya kichwa cha samaki na urefu wa ufagio. Huyu alipewa kichwa cha changu akakitazama kama mgeni aliyewekewa chakula asichokijua kwao. Hakujua mwiba. Hakujua panya. Gona, muuza samaki aliyepanda ngazi kila asubuhi kutoka Jomvu Kuu, aliapa kwamba alimwona panya akipita naye Hariri akijisogeza kumpisha. Majirani walinong'ona kuwa paka mwenye macho ya buluu asiyelia si paka mtupu. Zubeida akachoma ubani, na Hariri akaja akajilaza karibu ya chetezo, akafurahia.

Aliyemsoma yule paka ni Suad. Alimaliza skuli mwaka uliotangulia, sasa alikuwa nyumbani, na nyumba ya ghorofani haina ua wala kibaraza cha kupitishia mchana. Wawili wale wakawa wafungwa wa vyumba vitatu. Ni Suad aliyegundua kwamba samaki apikwe bila chumvi, achambuliwe mwiba mmoja mmoja. Sinia kuukuu likatiwa mchanga, na mchanga ubadilishwe kabla haujanuka, kwa sababu Hariri, ukimwekea mchanga mchafu, hafanyi fujo. Anajizuia tu, anakaa pembeni akiwa na huzuni. Siku moja alimkuta juu ya ukingo wa roshani, akimwendea kunguru mbele huku chini kuna lami, na macho yake hayana habari ya lami. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akamwita polepole, na paka alipokwisha kuingia ndani, Suad akaufunga mlango wa roshani. Kesho yake Gona aliletewa ombi la jarife kuukuu, na roshani nzima ikazibwa kwa wavu.

Kaskazi ilipopamba moto, Hariri alihamia chooni, akajibandika kwenye saruji yenye ubaridi. Suad alimfuta masikio kwa kitambaa kibichi na kumchana kwa kitana cha mfupa, kuanzia kidevuni, makwapani, tumboni, mpaka kwenye mapaja, ambako manyoya ni laini mno na husokotana upesi. Zubeida mwenyewe, baada ya kulalamika mwezi mzima juu ya buibui lake lililojaa manyoya, alionekana akikuna nazi na Hariri amelala juu ya miguu yake, na aliposhtukiwa alisema miguu ilikuwa imekufa ganzi ndiyo maana hakumwondoa.

Na Yeslam? Yeslam alimwinua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila alasiri alimteremsha dukani, akamwinua mbele ya benchi, Hariri akamwagika, watu wakacheka. "Mwaona alivyoridhika?" alisema Yeslam. "Angekuwa hataki angepiga makucha. Huyu ameridhika na bwana wake." Wateja walitaka kumshika, wakampokea zamu kwa zamu, naye akalegea kwa kila mmoja.

Sasa, Yeslam alikuwa na kaka yake, Barakat, mwenye duka kubwa kuliko lake huko Kisauni. Barakat alikuwa na kijana, Mahfudh, na wala hakuwa kijana mbaya: anaswali, havuti, anajua hesabu. Alikuwa na hasira za ghafla, lakini hilo watu walisema litaondoka akioa, kama wasemavyo siku zote. Barakat alikuja Changamwe akakaa sebuleni, akanywa kahawa, akasema yanayosemwa. Binti wa ami kwa mwana wa ami. Damu isitoke nje, hasa nyakati hizi ambazo hakuna ajuaye bendera gani itapanda kesho. Yeslam alifurahi. Kaka yake ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Kumkatalia kaka huyo jambo kusingemjia hata usingizini.

Hata hivyo sheria ni sheria, na mwanamwali lazima aulizwe. Yeslam alikwenda chumbani kwa Suad, akasimama mlangoni.

"Suad."

"Abee, baba."

"Ami yako amekuja kukuposea Mahfudh. Wasemaje?"

Suad alikuwa sakafuni, Hariri yuko mbele yake na kitana kimesimama hewani. Hakusema kitu. Akainamisha uso. Yeslam alingoja kidogo, kadiri anavyongoja muungwana, kisha akarudi sebuleni na uso uliokunjuka.

"Amenyamaza," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Barakat, na vikombe vikajazwa tena. Kwani nani asiyejua? Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Haya humzuia kusema. Ndivyo walivyofundishwa chuoni, ndivyo walivyooa wao wote, na ndivyo Suad alivyoozwa alasiri ile, isipokuwa nikaha tu, iliyowekwa mwezi wa Mfungo Mosi.

Baada ya hapo Suad akawa si wa paka tena. Shangazi walikuja kutoka Kisauni na Likoni, wakamtia ndani, wakamsugua liwa na singo, wakamkataza kushika mchanga na samaki asije akanuka. Suad alifanya kila aliloambiwa. Ukimwambia kaa, alikaa. Ukimwambia lala, alilala. Shangazi wakamsifu kwa adabu. Kazi ya kumchana Hariri ikamwangukia Yeslam, naye aliifanya kwa fahari, kila siku, tena kwa utaratibu: mgongo wote, toka shingoni mpaka mkiani. Manyoya yakang'aa. Ya chini hayaonekani, na kisichoonekana dukani hakina haja ya kupigwa pasi.

Wiki ya arusi Barakat alipita dukani. Yeslam, ambaye alitaka kumwonyesha kaka yake kitu, alimwinua Hariri juu ya meza. Hariri alilegea kama siku zote. Lakini kiganja cha Yeslam, kile kilichojulikana Changamwe nzima, kiliingia chini ya kwapa la paka kikakuta kitu kigumu kama gunzi, na chini ya ugumu huo, majimaji. Alipotoa mkono ulikuwa na usaha na damu, na harufu iliyomfanya Barakat arudi nyuma.

Alimpandisha ngazi mbio, kilemba kikamwanguka. Shangazi walikuwa sebuleni wakikunja nguo. Aliwapita bila salamu mpaka chumbani kwa Suad, akamlaza Hariri juu ya mkeka. "Mtazame! Mtazame ana nini!"

Suad hakumgusa kwanza. Alikaa karibu yake, akaitisha mkasi na maji ya moto yenye chumvi, akasubiri pumzi za paka zitulie. Kisha akaanza kukata. Manyoya ya makwapani na ya tumboni yalikuwa yamesokotana yakawa bamba moja kama kumbi la nazi lililokauka, na kila paka alipotembea lile bamba lilivuta ngozi, mpaka ngozi ikapasuka, ikaoza. Haikuwa ya jana wala juzi. Hariri alilala vilevile, macho wazi, hakutoa sauti.

"Lakini nimemwinua kila siku," alisema Yeslam. "Dukani, mbele ya watu. Watu wamemshika. Mbona hakulia? Mbona hakunikwaruza? Wallahi alilegea, Suad, alilegea kama kawaida!"

"Huyu hulegea kila mara, baba," alisema Suad, bila kuinua macho. "Akipenda hulegea. Akiumwa hulegea. Akiogopa, hulegea zaidi. Mtu akimuinua, hana jingine alijualo."

"Sasa wewe wajuaje?"

"Mimi simuinui. Nakaa chini, nanyoosha mkono, nangoja. Akitaka, huja. Asipotaka, huenda zake. Akiwa chini ana miguu yake." Akakata kipande kingine cha manyoya, akakiweka kando. "Hewani hana."

Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa akieleza habari za paka, na wala hakuwa na nia ya kueleza jingine. Lakini Yeslam alibaki amesimama na mkono wake mchafu, akimtazama binti yake alivyoinamisha uso, na uso ule aliujua. Ndio ule ule aliourudisha sebuleni siku ya posa akauita idhini. Ilimwingia hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyekwisha kuuza kitu na sasa hajui kama kilikuwa chake.

Alimfuata Zubeida jikoni. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo.

"Mama Suad, huyu mtoto wamuona yu radhi?"

"Si ulimuuliza mwenyewe?"

"Alinyamaza."

"Nami nilinyamaza," alisema Zubeida.

"Na ulikuwa radhi?"

Zubeida alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitazama, akalitupa dirishani. "Leo ndipo waniuliza?" alisema, akaendelea kupepeta. Yeslam alingoja jibu. Alingoja mpaka ungo ukaisha, na hakulipata, na aliondoka jikoni amezeeka kidogo.

Alirudi kwa Suad, akamuuliza tena, safari hii kwa maneno matamu. Kama ana neno, aseme. Yeye ni baba yake.

"Upendavyo, baba," alisema Suad.

Zamani lingempendeza jibu hilo. Sasa alilisikia likimwagika kila upande, kichwa huku, miguu kule. Alitaka kumtikisa. Alitaka kumwambia, sema basi! Lakini kumwambia aseme nako kulikuwa kumwinua. Na kumtazama kaka yake usoni, na maandalizi yamekwisha, na mbuzi wamefungwa nyuma ya duka, bila hata neno moja la kushikilia, hilo hakuwa na ujasiri nalo. Mtu hawezi kuvunja arusi kwa sababu ya paka. Ndivyo alivyojiambia, na siku zikaenda.

Siku ya nikaha ilifika. Baada ya swala ya alasiri wanaume walipanda ngazi kuja kuchukua idhini kabla ya kwenda msikitini: Maalim Ishaka, aliyewafundisha nusu ya watoto wa Changamwe, mashahidi wawili wa mtaani, Barakat na bakora yake ya fedha, na Yeslam. Walisimama ukumbini mbele ya chumba cha Suad. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, na nyuma ya pazia palikuwa na minong'ono ya shangazi, kisha kimya.

Maalim Ishaka alisoma alichosoma, akamwashiria Yeslam.

"Suad," alisema Yeslam.

"Abee, baba."

"Wanipa idhini nikuoze kwa Mahfudh bin Barakat?"

Kimya. Pazia halikutikisika. Maalim alihesabu shanga chache za tasbihi yake kwa adabu, akakohoa. "Basi, alhamdulillahi. Amenyamaza. Twendeni, jamaa, wenzetu wanangoja."

Barakat alikwisha kugeuka. Yeslam hakugeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua pa kuiweka ile mikono.

"Ngojeni," alisema.

"Tungoje nini?" aliuliza Barakat.

Yeslam alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili, mbali na pazia, akawaomba na wale wengine warudi. Walirudi, wakitazamana. Kisha akaketi chini. Na kanzu yake mpya, na joho, akaketi kwenye sakafu ya ukumbi mbele ya Maalim wake na kaka yake.

"Suad mwanangu," alisema. "Leo sishiki kimya chako. Ukiwa wataka, inua pazia useme nataka, nisikie kwa masikio yangu. Ukinyamaza, nitajua hutaki, na nitawaambia watu mimi mwenyewe. Hutagombezwa. Sikusogelei. Niko mbali, na niko chini."

"Yeslam, una wazimu?" Barakat alinong'ona. "Wamfundisha mtoto kukukana?"

"Sheria haisemi hivyo," alisema Maalim Ishaka, akiwa na wasiwasi. "Mwanamwali halazimishwi kutamka. Haya—"

"Maalim, niwie radhi. Mimi sijui tena kutenganisha haya na hofu. Nilidhani najua."

Kukawa kimya. Kwa ahadi yake mwenyewe kimya hicho kilitosha. Angeweza kusimama hapo hapo na kusema hapana. Lakini hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kukiamini. Mashahidi walitazama dari. Barakat aligonga bakora sakafuni. Chini, mbele ya duka, wapiga matari walikuwa wakijaribu ngoma zao.

Kisha mlango, nyuma ya pazia, ukaanza kujifunga. Ulijifunga polepole, ukakaza, ukatulia.

"Upepo," alisema Barakat haraka. "Madirisha yako wazi kule ndani. Upepo huo."

"Yawezekana," alisema Maalim Ishaka.

Ndani, shangazi mmoja alisema kitu kwa ukali. Nyayo zikapita juu ya saruji, nyepesi, za mtu asiyevaa viatu. Na komeo la chuma likasukumwa, kwa mkono ambao haukuwa na mazoea ya kusukuma kitu, likakwama, likasukumwa tena, likaingia mpaka mwisho.

Yeslam alimtazama kaka yake kutoka chini alipoketi. Aliona aibu, aibu nzito kwa mtu aliyemlea, na alijua kwamba mlango wa Kisauni nao utafungwa, labda kwa miaka, labda mpaka azikwe mmoja wao. Na ndani ya aibu hiyo alikuwa na furaha.

"Na hilo, kaka," aliuliza, "nalo ni upepo?"